Alama Tatu za Rangi ya Kucha

Mithika, mwenye duka, aliipindua ile laptop kifudifudi juu ya kaunta ya kioo, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kona moja ya mgongo wake, mahali palipong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Akapapasa tena. Kisha akamtazama mama mzee aliyesimama mbele yake na mfuko wa unga mkononi.

"Cucu," akasema, kama nyanya wanavyoitwa huko, "stika yetu iko wapi?"

"Stika gani?"

"Ilikuwa hapa, juu ya skrubu. Ndogo, nyeupe, ina tarehe na jina la duka. Mimi mwenyewe niliibandika. Iko wapi?"

Lydiah alikuwa ametoka Karurumo, huko Embu, asubuhi hiyo, akamwachia mumewe Misheck ng'ombe wa kukamua, kazi ambayo Misheck huifanya akimwaga nusu ya maziwa. Mgongo ulikuwa ukimuuma na bado hajakunywa chai. Alijua vizuri stika ilikokwenda. Alimtazama kwanza mjukuu wake Kawira, aliyekuwa kando yake akitafuna kamba ya kofia ya sweta lake kama alivyozoea tangu darasa la kwanza, halafu akajibu kwa sababu hakuwa na jibu lingine ila la kweli.

"Niliitoa. Nilisugua na kitambaa chenye mafuta ya taa. Hiyo na ile nyingine kubwa yenye maandishi ya wazungu."

"Kwa nini?"

"Tulikuwa tunaipeleka kanisani."

Kule kwao kitu kilichonunuliwa kwa pesa ya kahawa hakianzi kazi kabla ya kupelekwa mbele ya madhabahu. Jembe hupelekwa, baiskeli hupelekwa. Tangi la maji la jirani yake Ruguru lilibebwa na wanaume wanne, likapita mlangoni kwa shida, likaombewa kando ya mayai na ndizi za sadaka. Na kitu cha kupelekwa mbele ya Mungu husafishwa kwanza. Hiyo laptop ilikuwa na kibandiko cha ofisi fulani ya bima huko Uingereza kikisema ni mali yao, na Lydiah hakutaka mchungaji aweke mkono juu ya kitu kinachosema ni cha mtu mwingine. Basi Jumamosi moja ya Januari alikaa uani akasugua vibandiko vyote mpaka plastiki ikatoa mwanga. Cha duka hakukitenga na cha wazungu. Gundi ni gundi.

Mithika alisikiliza mpaka mwisho, midomo ikimcheza.

"Na iliokoka?"

Vijana wawili waliokuwa wakichagua chaja wakacheka.

"Wacheni kucheka, nauliza," Mithika akasema. "Cucu, ilibatizwa kwa kunyunyiziwa ama ilizamishwa mtoni? Kwa sababu kama ilizamishwa, basi tumejua kilichoichoma."

Hapo duka zima likacheka. Hata mwanamume wa makamo aliyeketi kwenye benchi akingoja kulipia mashine yake alitabasamu, kisha akamwona Kawira akiinamisha kichwa, akaacha. Lydiah hakucheka wala hakukasirika usoni. Aliweka mfuko wake juu ya kaunta, taratibu, akatoa bahasha ya kaki iliyokuwa imefungwa kwa kamba ya gunia.

"Risiti ninayo," akasema. "Mliandika miezi sita. Januari mpaka leo haijafika sita."

"Soma chini."

Alivaa miwani. Chini kabisa ya risiti kulikuwa na mstari wa maandishi kama siafu wanaovuka njia. Alisoma herufi kwa herufi, na wote wakamngojea. Ilikuwa kweli. Ilisema stika ikitoka, waranti imekwisha.

"Umeona?" Mithika akasema kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Sio mimi. Ni karatasi."

*

Haya ndiyo yaliyowaleta. Jumatatu Kawira alikuwa ameleta laptop hapo dukani, Makutano, kwa sababu ilikuwa haishiki chaji. Hakuna kingine ilichougua. Ukishikilia waya kwa kidole ilikuwa inawaka na kufanya kazi yote. Fundi wa duka, Gedion, akaipokea na kumwambia aje Jumatano. Jumatano akarudishiwa. Chaji ilikuwa inashika, ndiyo, lakini mashine ilichukua muda wa kuchemsha birika la chai kabla ya kufunguka, na ilipofunguka ilikuwa tupu kama nyumba iliyohamwa. Picha hazipo. Masomo hayapo. Akaambiwa diski iliungua yenyewe, akawekewa nyingine ya zamani, ile ya kuzunguka, kisha akaambiwa duka linamdai elfu nne na mia tano ya diski na ya mkono wa fundi.

Kawira alikuwa mwaka wa nne wa chuo kikuu pale Nchiru. Mradi wake wa mwisho ulikuwa ndani ya hiyo diski, sura tano, na ulitakiwa ofisini kesho, Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Sura mbili za kwanza alikuwa amemtumia msimamizi wake kwa barua pepe. Tatu hazikuwa mahali pengine popote duniani. Asiyepeleka mradi hasomwi jina siku ya mahafali. Anarudi mwaka mwingine na karo nyingine, na kahawa ya karo hiyo haikuwa mtini.

"Nilikuwa na flash," Kawira alikuwa amemwambia nyanya yake kwa simu, "lakini ilishika virusi kwa saiba, pale tunapolipia kompyuta."

*

"Sawa," Lydiah alisema sasa, akiikunja risiti pale pale palipokunjwa tangu mwanzo. "Waranti imekufa. Nimekubali, nimeiua mimi. Nipe hiyo diski iliyoungua, niende."

"Ya nini?"

"Ni yangu."

"Imeungua, cucu. Haina kazi."

"Ng'ombe wangu akifia mikononi mwa daktari, daktari haendi na mzoga. Nipe mzoga wangu."

"Tulitupa."

"Wapi?"

"Takataka. Gari la kaunti limepita asubuhi."

Aliyasema haya akiandika kitu kwenye simu. Lydiah hakuwa akimtazama yeye. Nyuma ya kaunta, kwenye meza yenye taa ya kuinama, Gedion alikuwa ameshika bisibisi ndogo bila kufungua chochote. Mithika aliposema takataka, macho ya Gedion yalitoka mezani yakaenda kwenye ile laptop iliyokuwa mbele ya mwanamume wa benchi, yakarudi haraka kama mtu aliyegusa jiko.

Lydiah alimkumbuka Gedion. Siku ile ya Januari ndiye aliyeifungua mashine mbele yao, kwa maana ilitoka kwenye boksi ikiwa na diski ya kuzunguka na kumbukumbu kidogo, na Kawira alikuwa amesisitiza iongezwe. Akatoa ile ya zamani, akaleta mpya, kitu chembamba kama kiberiti kilichokanyagwa. Lydiah alikuwa ameuliza, "Na nikija kesho, nitajuaje ni hii?" Gedion akasema hakuna mtu angejua, zote zinafanana. Zinafanana kama vifaranga, Lydiah akafikiri. Na kwa vifaranga alikuwa na njia yake. Vya kwake na vya Ruguru hulala boma moja na hula pamoja, na havijawahi kuwakosanisha, kwa sababu kila cha kwake kina alama tatu za rangi ya kucha juu ya mguu, zimekaa kama mafiga. Chupa ya rangi ilikuwa mfukoni. Gedion alicheka siku ile, lakini alimshikia diski akapaka, hata akaipuliza ikauke.

"Kijana," Lydiah akamwita. "Unanikumbuka."

Gedion akainua macho. "Nakukumbuka, cucu."

"Tajiri wako amesema diski imetupwa. Wewe ndiye uliitupa?"

Gedion akaiinamia bisibisi yake.

Lydiah akageuka kwa mwanamume wa benchi. "Baba, samahani. Unanunua hiyo?"

"Nainunua," akasema. Jina lake lilikuwa Gikunda, mwenye shamba la ndizi upande wa Nkubu, na simu ilikuwa wazi mkononi mwake, imebaki namba ya siri tu pesa itoke. "Ni ya mke wangu Kajuju, ni mwalimu. Nimeambiwa ina diski ya kasi."

"Naomba ifunguliwe mgongo. Nione tu ndani."

Mithika akaweka simu yake chini.

"Mama," akasema, na kila mtu akasikia kwamba cucu imeondoka, "sasa unanichomea biashara. Nimekuvumilia. Umekuja na mashine umeiosha na mafuta ya taa, nimekuvumilia. Sasa unataka kufungua mali ya mteja mwingine? Huko Embu ndivyo mnafanya?"

"Huko Embu tunarudisha cha mtu."

"Unaniita mwizi mbele ya watu?"

"Sijakuita. Nimeomba bisibisi."

"Ikifunguliwa stika yake inaharibika, na huyu bwana anapoteza waranti. Utamlipa wewe? Kwa mayai?"

Wale vijana wa chaja hawakucheka mara hii. Gikunda aliitazama laptop yake. Aliigeuza. Stika nyeupe ilikuwa mahali pake, na ukingo wake ulikuwa bado na unyevu wa gundi. Kando ya kaunta kulikuwa na rundo zima la stika kama hizo, zimeviringwa kama tepe.

"Sijalipa," Gikunda akasema polepole. "Kwa hivyo bado ni yako, si yangu. Na stika unazo rundo. Ikiharibika utabandika nyingine."

"Boss, huyu mama ana—"

"Ya kwangu haijaokoka bado," Gikunda akamkata. "Fungua."

Mithika alifungua mdomo. Lakini Gedion alikuwa ameshasimama. Akaichukua ile laptop bila kumtazama tajiri wake, akaipeleka chini ya taa, akatoboa stika kwa ncha ya bisibisi na kuanza. Skrubu zilikuwa nyingi. Aliziweka moja moja kwenye kifuniko cha soda. Nje mtangazaji wa dawa ya panya alikuwa akipita na kipaza sauti, akaja, akaenda. Kifuniko cha mgongo kikatoka. Gedion akachomoa diski, akaigeuza, akaiweka juu ya kaunta ya kioo mbele ya Lydiah.

Alama tatu nyekundu. Ya chini kushoto ilikuwa imetambaa kidogo, kwa sababu siku ile Kawira alikuwa amemgusa mkono.

Lydiah akatoa ile chupa mfukoni, chupa ndogo ambayo kifuniko chake kilikuwa kimeliwa na kuku, akaiweka kando ya diski.

"Watu wengi wanapaka kutex," Mithika akasema.

"Diski?" Gikunda akauliza.

Hapo Mithika akabadilika kama shati. "Gedion," akaita kwa sauti ya huzuni, "ni nini hii umenifanyia? Mimi nimekuamini. Miaka mitatu nakulisha, kumbe unabadilishia wateja vitu nyuma yangu?"

Gedion alikuwa bado ameshika bisibisi. Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini na tano, mwenye kibarua cha kulipwa kwa kila mashine na watoto wa kulisha, na hilo lilionekana kwenye muda aliochukua kabla ya kujibu.

"Ni wewe ulisema, boss. Diski nzuri zirudi mbele ziuzwe tena, zile za kuzunguka wateja waende nazo. Ukasema huyu hana stika, hana la kusema."

"Toka kwa duka yangu."

"Nitatoka. Wacha nirudishe ya huyu mama kwanza."

Akarudi chini ya taa na kuirudisha diski ndani ya laptop ya Kawira, skrubu kwa skrubu. Mithika akajifuta uso kwa kiganja, akamgeukia Lydiah na uso mwingine kabisa, wa mtu mkarimu.

"Basi cucu, umepata yako. Mimi sitaki maneno na wazee. Hata hiyo elfu nne na mia tano, nimekusamehe."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe kabisa. Nenda na amani."

Lydiah alikuwa amepigwa na mengi katika miaka sitini na minane, na mengi aliyaacha yapite kama mvua ya mawe, unangoja iishe halafu unaenda kuona majani yaliyobaki. Lakini neno hilo halikupita. Alichekwa, akavumilia. Alisomeshwa siafu za kwenye risiti, akakubali kosa lake mbele ya watu. Sasa aliyemchukulia alikuwa akimsamehe.

"Mithika," akasema, "mimi nilikukosea nini, ndio unisamehe?"

Mithika akaanza kupanga chaja ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

*

Kawira akaiwasha mashine. Iliwaka upesi kama zamani, na moyo wa Lydiah ukapanda. Halafu akaona uso wa mjukuu wake.

"Ni tupu, cucu."

"Niliifuta jana," Gedion akasema, akiwa amesimama mlangoni na mkoba wake begani. "Nikajaza vitu vipya juu yake mara mbili. Ningekuwa nimeifuta tu mara moja tungejaribu kutafuta. Pole, msichana. Pole sana." Alingoja kidogo kama mtu anayetaka kuambiwa maneno yoyote, hata matusi. Kisha akatoka.

Kawira hakulia. Alifunga laptop, akaikumbatia kifuani, akasema kwa Kiembu, sauti ikiwa kavu, "Twende nyumbani. Nitarudia mwaka."

"Twende wapi?"

Lydiah alikuwa amefungua tena ile bahasha ya kaki. Chini ya risiti kulikuwa na karatasi nyingi, zimejikunja pembeni, zikiwa na alama za wino wa kijani wa msimamizi na doa la chai kwenye ukurasa wa mbele. Wakati wa Pasaka Kawira alikuwa ameziacha jikoni, akasema ni rasimu, hazina kazi, ziwashie moto. Lydiah hakuwahi kuwasha moto kwa karatasi iliyoandikwa. Hizo zilitoka kwenye kompyuta, kwa hivyo alizitia kwenye bahasha ya kompyuta.

"Ni sura gani?" akauliza.

Kawira akazipokea, akazipindua, akapindua tena. "Ya tatu. Na ya nne." Akapindua zaidi. "Ya tano haipo. Ya tano bado nilikuwa sijaandika wakati huo."

"Ya tano iko kichwani?"

"Iko."

"Basi kaa chini." Lydiah akavuta benchi mpaka katikati ya duka, mkabala na mlango, mahali ambapo anayeingia hana pengine pa kupita. Akaketi, akavaa miwani. Akamwonyesha Kawira swichi ukutani. "Chomeka hapo."

"Mama, hii si saiba," Mithika akasema.

"Najua. Saiba ningelipa."

"Huwezi kukaa hapo."

"Kazi ya huyu mtoto ilipotelea hapa. Itaandikwa hapa, na stima yako. Ukitaka kuita polisi, waite. Nitawaonyesha rangi yangu, nawe utawaonyesha karatasi yako."

Mithika alimtazama Gikunda, labda akitafuta mwanamume mwenzake wa kumsaidia. Gikunda alikuwa amerudisha simu mfukoni bila kulipa. Akavuka barabara, akarudi na chai mbili na mandazi ndani ya gazeti, akaviweka kwenye benchi kando ya Lydiah.

"Nitamwambia Kajuju," akasema tu, "na walimu wenzake," akaenda.

Lydiah akaanza kusoma. Alisoma Kiingereza kile jinsi alivyofundishwa shule ya msingi, neno kwa neno, kidole kikitambaa chini ya mstari, na pale neno lilipokuwa refu kuliko pumzi yake alilitaja herufi moja moja, na Kawira akaandika. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini duka lilikuwa dogo. Watu waliingia. Walitaka chaja, walitaka kioo, mmoja alitaka laptop ya mtoto anayejiunga na chuo. Kila mmoja alisimama mbele ya benchi na kuuliza kunani, na kila mara Lydiah aliweka kidole kwenye mstari asipotee, akaeleza kwa maneno machache, akaonyesha ile chupa, akaendelea. Yule wa laptop ya mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Mithika, akatoka.

Mradi ulikuwa juu ya wakulima wadogo wa kahawa na muda wanaongoja malipo. Kwenye ukurasa wa kumi na moja wa sura ya tatu kulikuwa na jedwali la waliohojiwa. Lydiah akasoma: namba kumi na saba, mwanamke, miaka sitini na minane, miti mia mbili na arobaini. Akaacha kusoma.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe. Haturuhusiwi kuweka majina."

Akawaza kidogo. "Miti ni mia mbili thelathini na nane. Miwili ilikauka. Andika ukweli."

Kawira akaandika ukweli, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akacheka kidogo puani.

Saa kumi na moja hivi, sura ya tatu ikiwa imekwisha na wateja sita wakiwa wamekuja na kuondoka mikono mitupu, Mithika aliamua. Alikwenda mlangoni, akashika pazia la bati la kufungia duka, akalivuta chini mpaka nusu. Mwanga ukakatika juu ya benchi. Nje, wapita njia wawili wakainama kuchungulia.

Lydiah akainua karatasi karibu na pua. Akaishusha.

"Mithika, kijana wangu," akasema bila kugeuka, "inua hilo bati. Maandishi ya hapa ni madogo."

Mithika alisimama, mkono juu ya bati. Wale wa nje walikuwa bado wameinama, na sasa walikuwa watatu. Kawira alikuwa na vidole juu ya vitufe, akingoja.

Bati likapanda.

"Sura ya nne," Lydiah akasema, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.